Mama Kiberiti na Mashine ya Kutafuna Vichaka

Siku Mama Kiberiti alipoitwa kiwandani, alivaa gauni lake la mahakamani. Hakuwahi kufikishwa mahakamani hata siku moja, lakini gauni alikuwa nalo, maana mtu mwenye kazi kama yake hujiandaa mapema. Kazi yake ilikuwa kuchoma mashamba ya watu. Kiangazi kikikaribia kwisha, wakulima walimfuata nyumbani mmoja mmoja wakimwomba akawachomee vichaka vyao kabla mvua hazijaanza. Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Alirusha vumbi kidogo hewani akatazama linakoelekea, akafyeka ukanda kuzunguka shamba, kisha akawasha kijiti kimoja. Kimoja tu. Wengine walimaliza boksi zima na bado wakaishia kuunguza choo cha jirani.

Sasa kiwanda cha kukamua alizeti kilikuwa kimemwita, na moshi ulikuwa umetanda wiki ya pili. Getini mlinzi alimtambua kwa sauti, kwa kuwa sura hakuiona. Ofisini madirisha yalikuwa yamezibwa kwa matambara mabichi, karani amejifunga leso puani, na juu ya meza ya Meneja kulikuwa na chupa sita za mafuta zimepangwa mstari. Mama Kiberiti alipoziona akajua ni vielelezo, na kesi imekwisha.

"Shikamoo, mama," Meneja alisema, akakohoa. Alikuwa mwanamke mwenye miwani, umri wa binti yake.

"Marahaba, mwanangu. Kama ni ule moto wa juzi, upepo ulinigeuka."

"Naambiwa hakuna anayejua kuchoma kama wewe."

"Watu wanatia chumvi."

"Basi nataka kukuajiri."

Mama Kiberiti aligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine ameingia. Hakukuwa na mtu. Meneja alifungua chupa moja akamsogezea pua. Mafuta yalinuka moshi, kwa sababu alizeti ilianikwa uani na moshi ukaingia mpaka kwenye punje. Mama Kiberiti alivuta harufu mara moja, akavuta tena, akafumba macho.

"Hili ni shamba la Mzee Haraka," alisema. "Kichaka chake kina yale majani ya kunuka. Nilimchomea mwenyewe."

Meneja alicheka mpaka akahitaji maji. Alipopumua vizuri, alieleza mambo ambayo Mama Kiberiti hakutegemea kuyasikia kutoka kwa mtu wa kiwanda. Alisema kosa la kwanza ni la kiwanda chenyewe. Miaka yote kilikuwa kinapokea mzigo wa anayewahi, na anayechelewa anaambiwa ghala limejaa. Kwa hiyo kila mkulima alikimbilia kupanda kabla ya mwenzake, na katika kusafisha shamba hakuna kitu chenye mbio kuliko moto. "Sisi ndio tuliowatia kiberiti mkononi," alisema. "Halafu tunakaa humu tunakohoa na kuwalaumu." Madereva wa malori walikuwa hawaoni barabara, nusu ya wafanyakazi walikuwa wanaumwa vifua, na kampuni kubwa iliyokuwa ikinunua mafuta ilikuwa imesema wazi kwamba mafuta yenye harufu ya moshi haiyataki tena.

Kwa hiyo utaratibu ungebadilika kuanzia mwaka unaofuata. Kiwanda kingenunua alizeti ya wakulima wake wote arobaini mpaka gunia la mwisho, awe aliwahi au alichelewa. Na kabla ya mvua kungekuja mashine ya kukatakata vichaka, ambayo ingepita shamba kwa shamba bure. Mashine yenyewe ilikuwa ya kampuni ile kubwa, imeazimwa kwa msimu mmoja wa majaribio. Msimu ukiisha bila moto, mashine inabaki moja kwa moja. Ukiwaka moto mmoja, hata wa shamba moja, inarudi ilikotoka.

"Na mimi natakiwa nifanye nini?" Mama Kiberiti aliuliza.

"Uhakikishe hakuna anayechoma. Unawajua wote, na unajua nani atachoma kabla yeye mwenyewe hajajua."

Dawa ya moto ni moto, na kwa msemo huo Mama Kiberiti akawa mtumishi wa kiwanda. Alipewa koti la manjano lenye mistari ya kung'aa. Nasema kweli, koti lile lilimpanda kichwani. Alilivaa kazini, akalivaa sokoni, akalivaa kuchota maji bombani mita kumi kutoka mlangoni kwake. Binti yake wa pekee alimwuliza kama analala nalo, akajibiwa kwamba hayo ni maswali ya mtu asiye na koti.

Mwaka ulizunguka, kiangazi kikarudi, na mashine ikafika. Ilikuwa nyekundu, kubwa kuliko nyumba ya karani, na mbele ilikuwa na pipa lenye meno ambalo lilikula kichaka upande mmoja na kutema vipande upande wa pili, vikabaki vimetandazwa juu ya udongo kama mkeka. Watu wakaiita Mtafuni siku hiyohiyo. Dereva wake alikuwa mume wa binti ya Mama Kiberiti, kijana mwenye adabu za kupindukia, ambaye hata akipiga chafya peke yake huomba radhi. Mbele ya mama mkwe wake hakuweza kumaliza sentensi. Lakini akipanda kwenye Mtafuni alikuwa mtu mwingine kabisa, na alilima njia kwenye miiba huku anaimba.

Kura ikapigwa kupanga foleni. Mama Kiberiti naye alikuwa ndani ya wale arobaini. Aliachiwa shamba na marehemu mama yake, na kwa miaka yote lilikuwa kichaka cha kufika kifuani, kwa sababu msimu wa kusafisha mashamba ndio ulikuwa msimu wake wa kusafisha ya wengine. Mwaka huu angepanda chake. Mbegu alikwishanunua, akaziweka chini ya kitanda, na usiku mwingine alinyoosha mkono kuhakikisha bado zipo. Kwenye kura alitoka namba sita. Alicheza pale pale uani mwa kiwanda, akiwa na koti.

Sasa kazi yenyewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo Mama Kiberiti hakukaa ofisini. Kwanza alikwenda dukani kwa Mwenye Duka, mtu ambaye habari ikiingia sikioni mwake inatokea mdomoni bila kusimama njiani. "Mtu yeyote akija kununua kiberiti kiangazi hiki," alimwambia, "unatangaza kwenye kundi letu la simu. Papo hapo. Hata akiwa mama yangu mzazi." Mwenye Duka alifurahi sana. Alikuwa amesubiri maisha yake yote kupewa kazi ya kusema.

Pili, alinunua kigoda. Akisikia fulani anataka kuchoma, alibeba kigoda chake akaenda kukaa katikati ya shamba la huyo fulani. Hakugombana na mtu. Alikaa tu, akajifunika kanga kichwani, akapiga soga kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kesho yake akarudi. Ungechomaje shamba ambalo ndani yake ameketi mama wa watu anakuuliza habari za goti lako? Wapo waliojaribu kumchosha, wakachoka wao. Wapo waliokubali kusubiri Mtafuni ili tu anyamaze.

Aliyemsumbua zaidi ni Mzee Haraka. Huyu alikuwa mtu wa kula wali kabla haujaiva. Kwenye kura alitoka wa mwisho kabisa, namba arobaini, na tangu hapo hakulala. Siku ya tano Mwenye Duka akatangaza kwamba Mzee Haraka kanunua viberiti viwili na chupa ya mafuta ya taa, na Mama Kiberiti akafika shambani kwake kabla yule mzee hajafika mwenyewe.

"Dada, ondoka hapo," Mzee Haraka alisema alipomkuta kwenye kigoda.

"Nipishe nipumzike, kaka. Haraka haraka haina baraka."

"Hilo nimeambiwa tangu nazaliwa. Mimi wa arobaini. Mvua itanikuta na kichaka."

Siku mbili walikaa hivyo, yeye kwenye kigoda, mzee akizunguka shamba na chupa yake ya mafuta ya taa. Siku ya tatu mzee aliketi chini na kuinamisha kichwa. Alisema mwaka jana aliumwa baada ya kuchomewa shamba, akakosa kupanda, na asipopanda mwaka huu ataanza kuwategemea wanawe, na bora afe. Alisema kwa sauti ya chini bila hasira yoyote, na Mama Kiberiti alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kesho yake Mtafuni ilikuwa inafika namba sita. Huruma ikamwingia.

"Chukua namba yangu," alisema. "Nipe ya kwako."

Alipofika nyumbani alijiita mjinga mara kumi, kisha akalala fofofo.

Na kiangazi kile, ndugu msomaji, hakikuwa na moshi. Watu hawakujua la kufanya. Asubuhi walitoka nje wakakuta anga ni ya bluu, wakaangaliana. Ng'ambo ya bonde kulionekana vilima saba, na wazee wakaanza kubishana, maana kila mmoja alikumbuka vitano. Karani alivua leso, na ikagundulika ana mwanya mzuri sana, mlinzi wa getini akaanza kumsalimia mara nne kwa siku. Nguo zilianikwa nyeupe zikaanuliwa nyeupe. Meneja alitoa matambara madirishani, akafungua yote, upepo ukatawanya makaratasi yake ofisi nzima, naye akawa anayafukuza huku anacheka. Mama Kiberiti alipita barabarani kwenye koti lake akisalimiwa kushoto na kulia. Kuna siku alisimama njiapanda akavuta pumzi ndefu mpaka chini kabisa ya kifua, akasikia kizunguzungu, ikabidi ashike nguzo ya umeme. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na furaha, na furaha ya namna hiyo hakuizoea.

Mtafuni ilikula shamba la kumi, la ishirini, la thelathini na tano. Ilipomaliza la thelathini na tisa, mkanda wake ukakatika. Mkwe alikuja kumweleza mama mkwe wake, kofia mkononi, akitazama kidole gumba cha mguu wake mwenyewe.

"Mama, samahani. Mkanda. Wameagiza. Siku tatu, samahani, au nne."

"Hujaukata wewe, mwanangu."

"Hapana, mama. Samahani."

Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Siku ya tatu mawingu yalianza kupanda nyuma ya vile vilima saba, na dalili ya mvua ni mawingu. Majirani wote walikuwa na mashamba meupe, tayari. Mama Kiberiti alikwenda shambani kwake na panga, akafyeka tangu alfajiri mpaka viganja vikatoka malengelenge, na alichokisafisha hakikutosha hata kuanikia kanga mbili. Mvua ikinyesha, miiba ile ingechipua upya na kufunga kabisa, na mbegu zingebaki chini ya kitanda. Alisimama akaifanyia hesabu kazi ya kuchoma. Dakika arobaini.

Alirudi njiani akijiambia kwamba anakwenda tu kunywa maji. Akajikuta dukani. Nyumbani kwake hakukuwa na kiberiti, kwa sababu siku ya kuajiriwa alivikabidhi vyote kwa Meneja kwa mbwembwe, na jiko lake la gesi lilikuwa la kubonyeza.

"Kiberiti kimoja," alisema, akitazama maboksi ya sabuni.

Mwenye Duka alimpa. Hakusema neno, na hiyo peke yake ingetosha kumtia wasiwasi mtu mwenye akili zake. Lakini siku hiyo Mama Kiberiti akili zilikuwa shambani.

Alivua koti akalikunja, akaliweka pembeni juu ya jiwe. Alirusha vumbi hewani. Upepo ulikuwa mzuri ajabu, haujapata kuwa mzuri hivyo miaka mitano, unavuma taratibu kuelekea kwenye mwamba mtupu. Moto ungeondoka wenyewe ukajifia jiweni. Angesema ni radi. Angesema ni mvutaji sigara aliyepita. Alijua kuongopa, hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi yake ya zamani. Alipiga magoti kwenye nyasi kavu, akafungua boksi, akatoa kijiti. Akakigusisha ubavuni mwa boksi.

"Hodi shambani," mtu alisema.

Alikuwa Mzee Haraka, anahema, amebeba kiti cha jikoni kilichovunjika egemeo. Alipita mbele ya Mama Kiberiti bila kumtazama, akaingia ndani ya kichaka, miiba ikamshika suruali, akaweka kiti katikati kabisa, akakaa. Kichwa tu ndicho kilichoonekana.

"Kaka, ondoka hapo."

"Nipishe nipumzike, dada." Kisha kwa kuwa hakuwa na kipaji cha soga, akafikiri kwa muda mrefu. "Goti lako linaendeleaje?"

"Mimi sina ugonjwa wa goti."

"Basi tuongelee la kwangu."

Mama Kiberiti hakujua kama akasirike au acheke. Kabla hajaamua, mama mmoja wa shamba la jirani alitokea na ndoo, akaigeuza chini juu, akaikalia. Nyuma yake wakaja mtu na mkewe na benchi moja. Akaja karani, akaja mlinzi wa getini amembebea karani kiti. Mwenye Duka alifika amefunga duka mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Wewe," Mama Kiberiti alimwambia, "umenitangaza."

"Uliniambia papo hapo. Hata akiwa mama yako mzazi." Alikuna kichwa. "Wewe mwenyewe hukujitoa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kila mahali alipogeuza macho kulikuwa na kichwa cha mtu juu ya kichaka, na vyote vinaongea kwa pamoja, vinaulizana habari za magoti, za watoto, za bei ya sabuni. Wengine walikuja na mapanga, wakawa wanafyeka kidogo pale walipokaa ili wapate nafasi ya miguu. Mwisho akaja Meneja na kiti cha ofisini chenye magurudumu, akikivuta kwenye mashina bila mafanikio. Hakuna aliyemlaumu Mama Kiberiti. Hakuna aliyetaja kijiti alichokuwa bado amekishika.

Halafu chini barabarani ikasikika ngurumo, na wote wakatazama juu wakidhani ni mvua. Ilikuwa Mtafuni. Mkwe alikuwa ameufuata mkanda mwenyewe kwa basi la alfajiri, akaufunga bila kula, na sasa alipanda mlima ule akiimba kwa sauti ya juu. Alipomwona mama mkwe wake amepiga magoti kwenye nyasi, alizima wimbo, akavua kofia.

"Mama, samahani. Naomba watu wakae upande mmoja, nitafune."

Watu arobaini walibeba viti, ndoo na mabenchi wakahamia upande wa mwamba, wakakaa tena. Mtafuni ikaingia. Miiba iliyomshinda marehemu mama yake, na kabla ya hapo bibi yake, ililala chini mstari baada ya mstari, na udongo mweusi ukachungulia kati ya vipande kwa mara ya kwanza tangu Mama Kiberiti awe na akili. Kila mstari ukiisha watu walipiga makofi. Ilikuwa haijafika nusu mvua ilipoanza, kubwa, ya ghafla, na matope yakashika magurudumu. Mkwe akasimamisha, akatoa kichwa nje, uso umejaa samahani.

"Nusu inatosha, mwanangu," Mama Kiberiti alimwambia. "Shuka usije ukaangusha mashine ya watu."

Kichaka kilichobaki kilikuwa kinalowa, hakuna kijiti duniani ambacho kingekiwasha. Msimu ulikuwa umekwisha bila moto. Mtafuni ilikuwa yao. Mzee Haraka alisimama juu ya kiti chake akajaribu kucheza, kiti kikamshinda, watu wakamdaka, na kelele zilizotoka pale zilisikika mpaka kiwandani. Lakini hakuna aliyeondoka. Walikaa wakinyeshewa, wakicheka, kanga moja juu ya vichwa vitatu.

Mama Kiberiti aliwatazama. Miaka ishirini watu hawa walimwita akachoma, wakamlipa, wakafunga mlango ili moshi usiingie. Hakuna aliyewahi kumkaribisha akae. Leo hakumwita mtu, na walikuwa wamejaa shambani mwake na viti vyao wenyewe. Alianza kucheka na machozi yakatoka, na mvua ikamsaidia kuyaficha.

Meneja alisogea karibu, miwani imejaa maji.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "ungewasha?"

Angeweza kuongopa. Mvua ilikuwa imekwishafuta kila kitu.

"Ningewasha, mwanangu," alisema. "Kijiti kilikuwa mkononi."

Meneja aliinua kile kiti chake cha magurudumu, akakiweka ubavuni mwa Mama Kiberiti, akamwambia akae.